Makelele, Vumbi na Shinikizo la Damu Kazini

Mwanafunzi aliyepata kutumwa na mama yake kupeleka debe la mahindi mashineni anaijua vema sauti ya mashine ya kusaga. Huisikia tangu mbali, kabla hajaliona banda lenyewe. Akisha kuingia ndani hawezi tena kuzungumza na mwenziwe ila kwa kupaza sauti karibu na sikio lake. Hewa ya humo imejaa unga mwembamba. Nguzo, kuta, mizani na tando za buibui vyote vimegeuka vyeupe. Katikati ya hayo yote yumo msagishaji, nywele na nyusi zake nyeupe kama za mzee, akimimina mahindi, akifunga magunia na kupokea fedha. Mteja hukaa humo dakika kumi, akatoka akikohoa huku masikio yakimvuma. Msagishaji hubaki humo kutwa, siku sita kwa juma, mwaka baada ya mwaka.

Akiulizwa kama hali hiyo haimsumbui, aghalabu hujibu, "Nimekwisha kuzoea." Jibu hilo hilo hutolewa na mpasua mbao, mfua vyuma, mvunja kokoto na mfanyakazi wa kiwanda cha saruji. Wala hawasemi uwongo: kelele iliyowakera mwezi wa kwanza haiwakeri tena, na vumbi lililowapigisha chafya halionekani tena kuwa kitu. Lakini swali ambalo wataalamu wa afya ya kazini wamelichunguza kwa miaka mingi ni hili: mtu anaposema amezoea, je, moyo wake na mishipa yake ya damu navyo vimezoea?

Kwamba makelele huharibu masikio na vumbi huharibu mapafu ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi. Humo alieleza jinsi wafua shaba wa mji wa Venice walivyokuwa viziwi kwa kugongagonga shaba, na jinsi vumbi la kitani na katani lilivyowakohoza watu waliozichambua nyuzi hizo. Aliwausia madaktari wenzake kwamba, pamoja na maswali mengine, wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani. Jambo ambalo Ramazzini hakuweza kuliona, kwa kuwa vyombo vya kulipimia havikuwapo, ni madhara katika sehemu ya mwili isiyoguswa moja kwa moja na sauti wala vumbi, yaani moyo na mishipa ya damu.

SHINIKIZO LA DAMU NI NINI?

Moyo husukuma damu ndani ya mishipa kama pampu inavyosukuma maji ndani ya mabomba. Nguvu ambayo kwayo damu hukandamiza kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha. Mtu anayekumbukwa kwa kulipima kwanza ni Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza aliyependa sana sayansi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi, na damu ikapanda bombani hadi kimo cha zaidi ya meta mbili. Njia hiyo bila shaka haikufaa kwa binadamu. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alibuni ukanda wa mpira unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, ukiunganishwa na safu ya zebaki. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, aligundua kwamba sauti zinazosikika katika mshipa ulio chini ya ukanda huo zaweza kuonyesha vipimo viwili: shinikizo wakati moyo unaposukuma, na shinikizo wakati moyo unapopumzika. Kifaa kinachotumika leo katika zahanati chatokana na kazi ya watu hao wawili.

Vipimo hivyo hutajwa kwa milimeta za zebaki. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha juu huwa karibu na 120 na cha chini karibu na 80. Kipimo cha juu kikifika 140 au zaidi, au cha chini kikifika 90 au zaidi, na hali ikawa hiyo katika siku mbalimbali, mtu huyo huhesabiwa kuwa ana ugonjwa wa shinikizo kubwa la damu.

Shinikizo hutegemea mambo mawili: kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na upinzani wa mishipa inamopita damu hiyo. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kanuni ya Mfaransa Jean Poiseuille, isemayo kwamba upinzani wa bomba jembamba hubadilika kinyume na kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Maana yake ni kwamba mshipa ukinywea kwa sehemu moja tu katika kumi ya upana wake, upinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kitu chochote kinachoifanya mishipa midogo inywee, hata kidogo, huutwika moyo mzigo mkubwa.

Ugonjwa huu hauna maumivu. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao mshindo wa ugonjwa huu ni kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kufa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa nao, na kwamba karibu nusu yao hawakujua. Sababu zake ni nyingi: urithi, umri, chumvi nyingi, unene, pombe, kukosa mazoezi. Suala linalochunguzwa hapa ni kama mahali pa kazi nako kwastahili kuingizwa katika orodha hiyo.

NJIA YA MAKELELE

Sikio si chombo cha kusikilizia tu. Ni mlinzi asiyelala. Sauti kubwa inapoingia, ujumbe hupita katika mshipa wa fahamu wa sikio hadi ubongoni, na huko hugawanyika. Sehemu moja huenda mahali pa kutambua: hii ni sauti ya msumeno, hii ni ya nyundo. Sehemu nyingine huenda moja kwa moja kwenye vituo vya hatari vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo havingoji maelezo. Vituo hivyo huamsha mishipa ya fahamu inayoutayarisha mwili kupigana au kukimbia, na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni za adrenalini na kotisoli. Hapo moyo huenda mbio na mishipa midogo hunywea. Shinikizo la damu hupanda.

Maandalizi haya yalimfaa sana mwindaji aliyesikia simba akinguruma: hatari ilikuja, ikapita, na mwili ukatulia. Mashine haipiti. Hunguruma saa nane, na kesho yake hunguruma tena. Kuta za mishipa zinazokandamizwa hivyo kila siku huelekea kukakamaa na kuwa nene, na figo, ambazo ndizo zinazosimamia kiasi cha maji na chumvi mwilini, huweza kukikubali kiwango kipya cha juu kana kwamba ndicho cha kawaida.

Je, mwili hauzoei? Jibu moja la kufundisha sana lilitolewa mwaka 2008 na watafiti waliowachunguza watu 140 waishio karibu na viwanja vinne vikubwa vya ndege vya Ulaya. Watu hao hawakuwa wageni. Walikuwa wamekaa huko miaka mingi. Walifungwa vipimo vya shinikizo la damu, wakalala vitandani mwao, na sauti za chumbani zikarekodiwa usiku kucha. Ilionekana kwamba kelele ya ndege ilipoingia, kipimo cha juu kilipanda kwa wastani wa milimeta 6 hivi, hata kama aliyelala hakuamka. Akili ilikuwa imezoea na kulala, lakini mishipa ya damu ilikuwa bado ikiitika.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki si cha kujumlisha kwa kawaida: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu. Ndiyo sababu taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, ilishauri kwamba mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, katika desibeli 88 kwa zaidi ya saa 4, katika 91 kwa zaidi ya saa 2, na katika 94 kwa zaidi ya saa moja. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya kulinda masikio. Havikuwekwa kwa ajili ya moyo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mpaka wa moyo ni ule ule wa sikio.

NJIA YA VUMBI

Vumbi linaloonekana likielea katika mwale wa jua dirishani silo la kuogopwa zaidi. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja katika elfu ya milimeta. Chembe zenye upana wa zaidi ya mikroni 10 hunaswa zaidi puani na kooni, kisha hutolewa kwa kamasi na makohozi. Chembe zilizo ndogo kuliko hizo hushuka katika mirija ya mapafu, na zile zisizozidi mikroni 2.5 huweza kufika kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo damu na hewa hutenganishwa na ukuta mwembamba mno.

Zikifika huko hufanya mambo matatu. Kwanza, huchochea ncha za mishipa ya fahamu zilizomo mapafuni, nazo hupeleka ubongoni ujumbe wa hatari unaofanana na ule wa makelele. Pili, huamsha askari wa mwili, yaani chembe nyeupe, ambazo humwaga katika damu kemikali za uvimbe. Kemikali hizi huudhuru utando laini wa ndani ya mishipa, nao hupoteza uwezo wake wa kuilegeza. Tatu, chembe zilizo ndogo kupita zote huweza kupenya na kuingia katika damu yenyewe.

Jambo hili lilijaribiwa huko Toronto, Kanada, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2002. Watu wazima 25 wenye afya njema walivuta kwa muda wa saa mbili hewa ya mjini iliyoongezewa chembe laini na gesi ya ozoni. Mshipa mkubwa wa mkono ulipopimwa baadaye, ulikutwa umenywea kuliko walipovuta hewa safi. Saa mbili tu zilitosha, kwa watu wasio na ugonjwa wowote.

Vumbi lina njia nyingine ya kuudhuru moyo, ambayo kipimo cha mkononi hakiionyeshi. Mtu aliyevuta vumbi la mawe yenye silika kwa miaka mingi huweza kupata makovu mapafuni. Mishipa inayopita katika makovu hayo hubanwa, na shinikizo ndani ya mishipa ya mapafu hupanda. Upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, ukavimba na hatimaye kuchoka. Mtu huyo aweza kupimwa mkononi akaambiwa hana neno, kumbe moyo wake umo taabani.

Hata hivyo vumbi si moja. Vumbi la silika, moshi wa kuchomelea vyuma na moshi wa dizeli vimechunguzwa zaidi kuhusu moyo kuliko vumbi la unga au la mbao, ambayo yanajulikana zaidi kwa pumu na maradhi ya pua. Si haki kuchukua matokeo ya vumbi moja na kuyabandika kwa jingine bila kupima.

USHAHIDI KUTOKA VIWANDANI

Maabara huonyesha jambo linaloweza kutokea. Kiwanda ndicho huonyesha jambo linalotokea. Mwaka 2003 watafiti wa Taiwan walieleza jinsi walivyowafunga wafanyakazi 20 wa kiwanda cha magari vipimo vya kuchukua shinikizo la damu mchana na usiku. Waliofanya kazi penye makelele makubwa walikuwa na shinikizo la juu zaidi kuliko wenzao wa sehemu tulivu, na tofauti hiyo haikuishia langoni mwa kiwanda, kwani iliwafuata hata usingizini. Idadi ya watu hao ilikuwa ndogo, lakini dalili ilikuwa nzito.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulifanywa katika viwanda 14 vya kupasulia mbao katika jimbo la British Columbia, Kanada. Kiwanda cha mbao ni mahali ambapo makelele na vumbi hukaa pamoja, kama ilivyo katika banda la kusagia. Kumbukumbu za wafanyakazi zaidi ya 27,000 zilifuatiliwa kuanzia mwaka 1950 hadi 1995. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba vifo vya ghafla vya moyo viliongezeka kadiri makelele yalivyoongezeka, hasa miongoni mwa wale ambao hawakuvaa vikinga-masikio, na hasa katika miaka waliyokuwa bado kazini. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine wa wafanyakazi wa viwanda hivyo uliwakuta waliokaa miaka mingi katika makelele makubwa wakiwa na hatari zaidi ya kuugua shinikizo la damu.

Kwa upande wa vumbi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 uliwahusu wafanyakazi 74,040 wa migodi na viwanda vya vyombo vya udongo nchini China. Waliovuta vumbi la silika kwa wingi walikufa zaidi kwa maradhi ya mapafu, na pia kwa maradhi ya moyo na mishipa.

Pamoja na hayo, sayansi haina budi kusema kweli yote. Mwaka 2021 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walizipitia tafiti nyingi kuhusu makelele ya kazini. Walikubali kwamba kuna ushahidi, ingawa una mipaka, unaoyahusisha makelele ya desibeli 85 au zaidi na maradhi ya mishipa ya moyo. Kuhusu shinikizo la damu lenyewe, waliuhesabu ushahidi kuwa bado hautoshi.

Mwanafunzi aweza kushangaa: inawezekanaje watafiti wengi waone jambo, kisha jopo liseme halijathibitika? Sababu zipo. Tafiti nyingi huwapima watu siku moja tu, kwa hiyo haziwezi kuonyesha kipi kilitangulia. Mfanyakazi anayeugua aghalabu huacha kazi au huhamishwa, na wanaobaki kupimwa ni wale wenye nguvu; hivyo kiwanda kibaya huonekana chema kuliko kilivyo. Aidha, penye makelele mara nyingi pana joto, kazi za zamu na mshahara mdogo, na kila kimoja katika hivyo chaweza kulipandisha shinikizo. Kuyatenganisha ni kama kutaka kujua ni jiko lipi kati ya matatu lililoujaza moshi chumba. Kutothibitika si sawa na kutokuwapo kwa madhara. Ni wito wa kupima zaidi na kwa uangalifu zaidi.

Lipo jaribio moja linaloangaza njia. Mwaka 1996 watafiti wa Israeli walitangaza matokeo ya wafanyakazi waliozoea makelele ya zaidi ya desibeli 85, ambao waliombwa wavae vikinga-masikio kwa siku saba. Kiasi cha kotisoli katika mkojo wao mwisho wa zamu kilipungua, pamoja na uchovu na hasira. Watu hao walikuwa wamezoea, lakini walipopewa utulivu miili yao ilibadilika. Bila shaka ilikuwa ikilipa gharama ya mazoea hayo siku zote.

HALI YA AFRIKA MASHARIKI

Mambo haya si ya nchi za mbali peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walipima makelele katika viwanda vinne vya chuma nchini Tanzania na kutangaza matokeo mwaka 2018. Wastani ulikuwa desibeli 92. Kwa hesabu ya desibeli 3 iliyoelezwa juu, mtu asiye na kikinga-sikio angestahili kukaa katika makelele hayo kwa saa moja na dakika 35 tu, si saa nane. Mwaka uliofuata walieleza kwamba asilimia 48 ya wafanyakazi hao walikuwa na upungufu wa kusikia, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu wa shule za msingi waliopimwa kwa ajili ya ulinganisho.

Kuhusu vumbi, kiwanda cha saruji kilichochunguzwa nchini Tanzania kilionekana kuwa na vumbi jingi hasa penye winchi, penye kuvunja mawe na penye kujaza mifuko. Katika viwanda vya mkonge, wafanyakazi wa sehemu kavu ya kusugua nyuzi kwa brashi walikutwa na kikohozi na mafua zaidi kuliko wa sehemu yenye maji ya kuchakata majani mabichi. Tafiti hizo zililenga masikio na mapafu. Shinikizo la damu la wafanyakazi hao hao ni uwanja unaowangoja vijana walioko madarasani leo.

Sheria hazikosekani. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 148, ambao uliunganisha pamoja uchafuzi wa hewa, makelele na mtetemo kazini. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, inayotaka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na baadaye kila baada ya muda. Kenya ilitoa kanuni za makelele mwaka 2005, zinazokataza mtu kukaa katika wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, kisha ikatunga sheria yake ya usalama na afya kazini mwaka 2007. Lakini mkaguzi hufika kwa urahisi zaidi katika kiwanda chenye lango na bango kuliko katika banda la kusagia au karakana ya seremala kando ya barabara, ambako hakuna daktari wala kipimo.

KINGA

Kinga ina ngazi tatu, nazo hufuatana kwa ubora. Ngazi ya kwanza ni chanzo chenyewe. Mashine iliyolegea bolti, yenye beringi zilizokwisha au mkanda uliochakaa, hupiga kelele zaidi. Kuikaza, kuitia grisi na kuiweka juu ya mpira huipunguza sauti. Mawe yakimwagiwa maji kabla ya kuvunjwa hayatimui vumbi. Sakafu ifagiliwe ikiwa na unyevu, na kamwe vumbi lisipeperushwe kwa hewa ya kompresa.

Ngazi ya pili ni njia inayopita kati ya chanzo na mtu. Injini yaweza kutengwa kwa ukuta na msagishaji akasimama upande wa pili. Bomba la kufyonza vumbi likiwekwa mahali linapotokea, hulinasa kabla halijasambaa. Umbali nao ni dawa: mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Ngazi ya tatu, na ya mwisho, ni mwili wa mfanyakazi: vizibo vya masikio vinavyoingia barabara, na barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya chembe laini. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kubwa tu, na pamba iliyotiwa sikioni haizuii sauti ya kutosha. Waajiri wengi huanzia ngazi hii kwa sababu ni rahisi, kisha humlaumu mfanyakazi anapoivua barakoa kwa joto. Mpango mwema huanzia juu, nayo barakoa hukamilisha.

Zaidi ya hayo, kila mtu afanyaye kazi mahali pa namna hiyo apimwe shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka. Apumzike kwanza dakika tano mahali patulivu, ameketi, mkono ukiwa usawa wa moyo. Kipimo hicho ni cha dakika chache na hakina maumivu.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Darasa laweza kuchunguza makelele ya mtaani bila chombo chochote. Wanafunzi wawili wasimame umbali wa meta moja na wazungumze. Wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, yawezekana kabisa kwamba makelele ya hapo yamefikia desibeli 85. Wasikae, waandike jina la mahali na saa, kisha waondoke.

Kwa vumbi, vipande vya karatasi nyeupe vipakwe mafuta ya mgando na kuwekwa kwa siku moja katika umbali mbalimbali kutoka mashineni, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kisha chembe zihesabiwe kwa kioo cha kukuzia katika mraba wa sentimeta moja, na grafu ichorwe. Wanafunzi wakumbuke kwamba chembe zile wanazozihesabu ni kubwa. Zile zinazofika katika vifuko vya hewa hazimo katika hesabu yao.

Mwishowe grafu hiyo ipelekwe kwa msagishaji mwenyewe, na aelezwe maana yake. Huenda akatabasamu na kusema kwamba amekwisha kuzoea. Hapo ndipo mwanafunzi atakapokuwa na jambo la kumweleza: kwamba kuzoea ni kazi ya akili, na kwamba moyo hauna njia ya kulalamika ila kwa kipimo. Zahanati haiko mbali. Na bolti ile inayogongagonga tangu mwaka jana yaweza kukazwa leo.